Chuo Ambacho Hakikuwapo

Siku ya tatu ya matanga ya Bi Raya nilikuwa nimekaa chumba cha nyuma pale Konde, nimeuegemea ukuta niliokuwa nikiuegemea nilipokuwa msichana, nikawasikia wanawake waliokaa ukumbini wakisimulia habari zangu. Hawakujua kwamba nawasikia. Kuta za nyumba ile hazifiki juu kwenye paa, na mtu akinong'ona ukumbini, aliye chumbani hulipata neno zima. Mmoja alisema, "Yule Bi Mize mwembamba, yule alokuwa mwalimu, ndiye alomkataa mume msomi kwa ajili ya chuo. Alisema, chuo kwanza, mume atakuja." Wasichana wakapendezwa, na mmoja wao akasema angeomba apewe moyo kama ule. Nilitamani kutoka nikawaambie kwamba maneno hayo sikuyasema, na kwamba mambo hayakwenda hivyo hata kidogo. Lakini matanga si mahali pa kubishana. Nikamwombea dua marehemu, ambaye alikuwa mkaza mjomba wangu na mtu wa mwisho aliyekuwa akiijua habari ile ilivyokuwa. Sasa nimebaki peke yangu nayo. Wao wameinyoosha mno. Ilikuwa imepinda, na sehemu yake kubwa ilikuwa giza.

Habari za nani alinizaa na kwa nini nililelewa na mjomba nitaziacha, si za hapa. Inatosha kusema kwamba mwishoni mwa mwaka wa 1960 nilirudi Konde kutoka Unguja, nimemaliza sekondari na kufaulu vizuri, nikarudishiwa chumba changu kilekile. Kilikuwa chumba cha mtu na bidhaa: kitanda cha kamba upande mmoja, na upande wa pili magunia ya mchele na madebe ya mafuta ya taa ya dukani kwa Mjomba Shaame. Dirisha lilikuwa dogo, linaangalia uani, na moshi wa jikoni ukipenda ulikuwa unaingia bila kubisha hodi. Mchana tulikula muhogo wa nazi au ndizi na samaki wa kukaanga, na Mjomba, tofauti na wanaume wengi wa pale, hakula peke yake mbele. Alifunga duka, akaja kukaa nasi mkekani, kwa sababu alipenda kusikiliza mazungumzo. Ni yeye aliyeniuliza siku za mwanzo, mbele ya majirani waliokuja kunitazama, "Haya, mwanangu, na sasa?" Nikajibu kwamba nataka kwenda chuo. Bikizee mmoja akanitazama kwa huruma. "Chuo? Si ulikwisha kuhitimu kwa maalimu, na pilau tukala?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kwao chuo kilikuwa kimoja, pale watoto wanapojifunza Kurani, nami nilikwisha kukimaliza. Sikujua kwamba kicheko kile kingekuwa karibu cha mwisho kwangu mwaka mzima.

Nataka kueleza nilikuwa natafuta nini, maana watu hudhani nilitaka cheo, au Ulaya. Nilikuwa na swali. Mjomba alikuwa na elimu kidogo ya mirathi, na watu wakimjia dukani kumuuliza, aliingia ndani akanipa mimi hesabu, kisha akatoka nje na jibu. Siku moja aliletewa mirathi ya mwanamke aliyekufa akaacha mume na dada wawili. Mume fungu lake ni nusu. Dada wawili fungu lao ni theluthi mbili. Ukiigawa mali mafungu sita, mume anataka matatu na dada wanataka manne, na hayo ni saba. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Mjomba akaniambia hukukosea, wanavyuoni wa zamani walikwisha kulikata jambo hili: igawe mali kwa saba, na kila mmoja apungukiwe kwa kadiri yake. Nilikubali hukumu, lakini sikulala kwa raha. Ile nusu iliyogeuka tatu kwa saba bado ni nusu? Sheria imetimizwa hapo, au imeokolewa? Nilitaka kwenda mahali ambapo mtu anaweza kukaa na swali kama hilo kutwa nzima asiambiwe aende akachambue mchele. Sikujua kama mahali hapo panaitwa hisabati, au sheria, au falsafa. Nilijua tu kwamba si pale.

Mtu mmoja alinielewa. Bi Zamda, mwalimu kutoka Unguja aliyenifundisha nilipokuwa mdogo, alikuwa bado mjini Wete akifundisha skuli ya wasichana, na mara kwa mara nilishuka Wete kwenda kumwona. Aliishi katika chumba kimoja kisafi, chenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, na kila nilipokwenda alinikatia mkate wa kumimina na kunipa chai ya maziwa kabla hajaniruhusu kusema. Nilimuuliza chuo kipi ndicho kikubwa kuliko vyote. "Usiniulize kipi kikubwa," alisema. "Niulize kipi kitakuvumilia. Wewe, Mize, ni mtu wa kuuliza. Viko vyuo vinavyokutoa na kazi mkononi, na viko vinavyokuacha uulize. Ukiingia vya mwanzo utakufa ndani yake umesimama." Kisha akanihesabia, na hesabu yake ilikuwa fupi. Kulikuwa na ualimu Unguja, ambako wasichana walichukuliwa. Kulikuwa na chuo kikuu cha Kampala, lakini hicho kilitaka miaka miwili zaidi ya sekondari ya juu, na kwa msichana miaka hiyo ilipatikana bara, katika skuli za bweni za mapadri. Na kulikuwa na Misri. "Misri," alisema Bi Zamda, akashusha sauti kana kwamba ukuta una masikio, "wewe tuiache kwanza."

Basi nikaanza na Kampala. Mjomba alipolisikia neno mapadri aliacha kutafuna, lakini hakukataa. Alisema niulize kwanza serikalini kama wanampeleka mtu. Nikapelekwa mbele ya afisa wa elimu, Mzungu mmoja wa makamo, katika ofisi iliyokuwa na feni na harufu ya wino. Alinikaribisha kiti. Aliniuliza kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiingereza. Aliniuliza nikisomeshwa miaka yote hiyo nitaifanyia nini elimu, nikamweleza habari ya mume na dada wawili. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikaona macho yake yamehamia dirishani, yanamtazama mtu anayefagia majani. Akasema ni jambo zuri sana, ila mwaka ule hapakuwa na mpango wa kumsomesha msichana bara, wala hakuwa na habari ya mwaka unaofuata. Angeweza kunipa nafasi ya ualimu wa maarifa ya nyumbani Unguja, kupika na kushona na usafi wa mtoto, nimjibu kabla ya Ramadhani. Hakunidharau. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza, kwa kuwa mkali ungeweza kumchukia ukapata nguvu. Nilitoka nikapita sokoni Wete bila kuona mtu, na nafasi ile sikuijibu. Nilikuwa bado naitazama Misri. Ramadhani ikaingia, ikatoka, nikasikia imekwisha kupewa mwengine.

Lazima niseme mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa ule wa 1961, uliokuwa na uchaguzi mara mbili, na baina ya ule wa kwanza na wa pili watu waligawanyika mpaka kwenye chumvi. Mtu wa chama hiki hakununua dukani kwa mtu wa chama kile. Msikiti uliokuwa na imamu wa wale, hawa waliupita wakaenda kusali mbali. Walikuwako waliosusiana hata maziko. Mjomba Shaame alikuwa wa chama kimoja, na ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango na duka letu, aliishi Bwana Seif, mkubwa wa tawi la chama cha pili. Wawili hao walikuwa wamekua pamoja na kutahiriwa siku moja. Kabla ya siasa walikunywa kahawa katika baraza moja. Mwaka ule hawakusalimiana. Na Misri ilikuwa mkononi mwa Bwana Seif. Vijana waliokwenda kusoma Kairo walipelekwa na chama, majina yao yakipita kwake, na jioni redio ya Kairo ilivuma kutoka barazani pake, mpaka nikayajua matangazo kwa moyo bila kuelewa nusu ya Kiarabu chake. Nililala nikisikia nchi ambayo ina chuo kilichokuwako kabla ya mababu wa babu zetu, ikisema nami kutoka nyumba ambayo sikuweza kuingia. Bi Zamda aliniambia wasichana wachache sana walikwisha kwenda, na wote walikuwa na kaka au mume kule. Mimi sikuwa na kaka.

Hapo ndipo alipoingia Khalfan. Alikuwa mwalimu kijana kutoka Msuka, anafundisha skuli ya wavulana pale Konde, na jina lake lilikuwa limepita: angekwenda Kairo. Siku moja alikuja dukani kwa mlango wa uani, kwa sababu watu wa chama chake wasingependa kumwona mbele, akamuuliza Mjomba suala la mirathi la jamaa zake. Mjomba akaingia ndani, akatoka na jibu. Khalfan akacheka kidogo. "Mzee Shaame, nakuona unaingia mtupu unatoka umejaa. Nani yuko humo ndani?" Mjomba alikuwa na majivuno yake, akasema, hata habari ya ile nusu yangu iliyogeuka tatu kwa saba. Wiki iliyofuata Khalfan alirudi, safari hii kwa swali langu, si la jamaa zake. Mimi nikiwa chumbani na yeye akiwa uani, Bi Raya alisimama baina yetu mlangoni, mwiko mkononi, akipeleka maneno.

"Anasema," Bi Raya aliniambia, "nusu si kitu kilichopo. Ni dai tu. Madai yakikutana penye mali ndogo, yote hupungua."

"Mwambie, basi kilichogawiwa ni madai, si mali?"

Bi Raya akamgeukia. Sauti ya Khalfan ikaja yenyewe, bila kupitia mtu. "Hilo sikupata kulifikiri."

"Nendeni mkafikiri wote wawili," alisema Bi Raya. "Mie si posta, na mchuzi unaungua."

Kwa mara ya kwanza tangu kurudi Konde, mtu alikuwa amenijibu kwa hoja. Alikuja tena na tena mpaka majirani wakaanza kusema, na kabla hawajamaliza kusema, posa ikaletwa. Mjomba alikaa nayo kama mtu aliyepewa kaa la moto. Ni watu wa chama kile, alisema, watu wasionunua kwangu hata kibiriti. Lakini alinijua. Aliniita akaniuliza kama namtaka, nami nikamwambia ukweli, kwamba naitaka Misri na kwamba Khalfan simchukii. Mjomba akatazama chini. "Basi na awe mkwe wangu. Chama chake atakiacha mlangoni." Sharti lilikuwa moja, na Khalfan alilitamka mwenyewe mbele ya Bi Raya: tukifika Kairo, nami nitaingia masomoni. Bi Zamda hakufurahi, ila alisema mlango ni mlango, hata ukiwa mbovu. Nilianza kulala vizuri. Nikawa nasikiliza redio ya Bwana Seif kama mtu anayesikiliza kwao.

Kabla ya ndoa, wanawake wa Msuka walikuja kushinda kwetu, kama ilivyo ada, kutazama nyumba na kupanga mambo ya harusi. Tuliwapikia wali wa nazi na mchuzi wa pweza, na walipokwisha kula wakajilaza ukumbini kwenye majamvi, mikono ikinukia ndimu, wakizungumza kwa sauti ya watu walioshiba. Mimi mwari sikutakiwa kuonekana sana, nikawa chumbani mwangu, ukutani. Nikasikia mmoja akimuuliza mama yake Khalfan kama ni kweli mkwewe anakwenda kusoma.

"Asome nini?" alisema yule mama, bila ubaya wowote, kama anayezungumza habari ya mvua. "Anakwenda kumpikia mwanangu. Kule hakuna mtu wa kumpikia. Nilimwambia Khalfan, we itikia tu mpaka mfike. Wakifika mwaka hautimu atakuwa na mimba, na hayo mengine yatakwisha yenyewe."

"Na Khalfan kasemaje?"

"Kanyamaza. Mwanangu akinyamaza kakubali."

Nilikaa mpaka wageni wakaondoka. Nikamwambia Bi Raya amwite Khalfan. Alikataa, akasema mwari haiti mume. Nikamwambia asipomwita nitakwenda mwenyewe mpaka skuli. Akanitazama, akajitanda kanga, akaenda. Khalfan alikuja, akasimama uani nyuma ya pazia la mlango wangu, na Bi Raya akakaa jikoni anageuza makaa yasiyohitaji kugeuzwa.

"Mama yako kasema uniitikie tu mpaka tufike. Ni kweli?"

"Mimi nataka usome, Mize."

"Nimekuuliza jengine."

"Wao ndio wanaonipeleka. Mama kauza alichokuwa nacho, na Bwana Seif ndiye anayenitoa. Siwezi kushindana nao kabla sijaondoka. Tukifika tutaona."

"Tutaona nini?"

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui."

Nimeishi na neno hilo miaka mingi. Laiti angenidanganya ningekwenda, na pengine mambo yangekuwa mazuri, pengine yangekuwa kama alivyosema mama yake. Lakini hakuwa mwongo, na kwa kuwa alikuwa mkweli nililiona shimo. Nikamwambia basi mimi sendi. Hakubembeleza. Alisema, "Unajua kwamba hakuna njia nyengine?" Nikasema najua. Na hapa ndipo wanawake wa ukumbini wanapokosea. Wanadhani nilishika mizani, upande huu mume, upande ule chuo, nikachagua. Upande ule hakukuwa na kitu. Kampala ilikuwa imefungwa, ualimu umepewa mwengine, na Misri ilikuwa inatoka uani kwetu kwa miguu, inakwenda zake. Nilikataa mkono mtupu. Chuo hakikuwapo.

Kilichofuata sikisimulii kwa mpango, kwa sababu hakikuwa na mpango. Posa ilirudishwa kwa aibu. Watu wa Msuka wakasema tumewatukana kwa sababu ya siasa, na watu wa chama cha Mjomba wakasema vizuri, tumewatia adabu, na hilo la pili lilimuuma zaidi kuliko la kwanza, kwa kuwa alijua si kweli. Khalfan akaondoka peke yake. Mjomba akaacha kusema nami. Aliendelea kula nasi mkekani, lakini alitazama sahani yake. Ukaja msimu wa karafuu, na kila ua ukatandikwa mikeka, na nikawekwa kuchambua, kuzitoa karafuu katika vikonyo mpaka vidole vikawa vyeusi na kunuka hata ninapolala. Wanawake waliokuwa wakichambua pamoja nasi walibadili mazungumzo nikikaribia. Nilimwendea Bi Zamda, akanipa mkate wangu, akaniambia ameuliza kila aliyemjua na hakuna. Kisha akafanya jambo lililonitisha: alilia. Nilikuwa nimezoea kudhani mahali fulani katika chumba kile cheupe kuna jibu ambalo bado hajanipa.

Niliporudi nilijilaza. Sikuwa na homa. Niliacha kuoga mpaka nilazimishwe, nikaacha kusuka nywele, nikawa nasikia chakula kinatuliwa karibu yangu na baadaye kinaondolewa. Nililala mchana na kuamka mchana. Nilikuwa natamani nisiamke. Nalisema hili kwa utulivu leo kwa sababu niko mbali nalo, lakini wakati ule halikuwa jambo la ajabu kwangu, lilikuwa kama kutamani maji. Nilijiona kichwa changu kimekuwa kama mashine ya kukobolea iliyowashwa bila mpunga ndani, inajisaga yenyewe. Bi Raya, aliyekuwa mwanamke wa maneno makavu, hakunibembeleza. Siku moja aliingia na bakuli la uji wa mtama, akakaa kitandani pangu, kitanda kikalia.

"Mize," alisema, "mie huko unakotaka kwenda sikujui. Hata jina lake siwezi kulitaja. Lakini chuo chochote kile, hata kiwe cha nani, hakipokei maiti. Kunywa."

Nikanywa. Sikunywa kwa kuwa nilipata tumaini, nilikunywa kwa kuwa hakuondoka. Na baada ya Adhuhuri, Mjomba alipofunga duka, nikawasikia kupitia ukutani.

"Shaame, mtoto anakufa."

"Kajitakia."

"Kajitakia nini? Kusoma? Nani alomletea mirathi humu ndani? Kila siku unaingia, Mize nihesabie hiki, Mize nihesabie kile, unatoka nje watu wanakuita shehe. Umemfungulia kichwa, sasa unamfungia mlango."

Nilisikia jamvi likikwaruza Mjomba alipogeuka.

Kesho yake baada ya Laasiri alivaa kanzu safi na kofia, akatoka mbele ya duka, akavuka njia. Niliamka nikasimama nyuma ya mlango wa duka, nikachungulia penye ufa. Si njia pana, lori moja likipita watu hujibanza ukutani, lakini tangu uchaguzi hakuna mtu wa upande wetu aliyekuwa ameivuka. Waliokuwa barazani kwa Bwana Seif waliacha kuzungumza. Waliokuwa barazani kwetu pia waliacha. Mjomba akasema, "Salamu alaykum," kwa sauti ya kawaida, akavua viatu, akaingia ndani. Nilijua alichokwenda kutafuta, nikakaa chini juu ya gunia.

Alikaa muda mrefu. Aliporudi hakunitazama, na sikumuuliza. Yaliyosemwa kule niliyasikia usiku ulipoingia tu, alipokuwa akimhadithia mkewe. Bwana Seif alimpokea kwa heshima, akamwekea halua na kahawa, wakaulizana hali za watoto. Kisha Mjomba akasema haja yake. Bwana Seif akamwambia, "Shaame, nafasi si zangu peke yangu. Nikimtoa mtoto wa nyumba yako, wangu watasema nimenunuliwa."

"Sikuja kwa chama," alisema Mjomba. "Nimekuja kwa mtoto."

"Najua. Ndiyo maana nimekupa kahawa. Ungekuja kwa chama nisingekupa hata maji." Na hapo, alisema Mjomba, Bwana Seif akashindwa kumtazama usoni, na wote wawili wakamaliza vikombe vyao, wakaagana.

Kwa safari ile ya bure Mjomba alilipa. Watu wa chama chake wakasema amekwenda kuomba kwa maadui. Waliokuwa wakishinda barazani kwetu wakahamia kwengine, na wateja wakawafuata. Kila asubuhi Bi Raya aliendelea kufagia baraza lile tupu kama vile wageni wako njiani. Baadaye mambo ya nchi yaligeuka na vyama vyenyewe vikatoweka, lakini baadhi ya wale wazee hawakurudi kukaa kwetu tena mpaka wakafa. Mjomba hakunitajia hasara hiyo hata siku moja. Mchana uliofuata safari ile alikaa mkekani, akanimegea samaki akaniwekea upande wangu, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipokuwa mtoto. "Nimekwenda kuuliza," alisema. "Hakuna." Nikataka kusema neno. Akasema, "Kula."

Nilikula. Sikupona, ila nilianza kuamka asubuhi. Kilichokuwa kinaniua, nikifikiri sasa, si kukosa chuo peke yake. Ilikuwa ni kudhani kwamba ninachokitaka ni upuuzi ambao hakuna mtu mzima angeweza kuutolea heshima yake. Na mtu mzima mmoja alikuwa ameuvukia njia mchana kweupe.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Bi Zamda alileta habari. Msichana mmoja wa chuo cha ualimu Unguja alikuwa ameolewa na kuacha masomo, na kiti chake kilikuwa wazi. Ilikuwa ileile nafasi ya kupika na kushona niliyoiacha bila kujibu. Bi Zamda aliniambia bila kunidanganya: "Hiki si kile nilichokuambia. Hiki ni kile ambacho kipo." Mjomba akanisindikiza mpaka Wete kupanda meli. Hatukusema mengi. Pale bandarini akaniuliza, "Watakufundisha kushona?" Nikasema ndiyo. "Shona chochote watakachokupa," alisema. "Mdomo usijishone."

Nilishona. Nilishona mito na nguo za vitoto, nikaandika jinsi ya kuchemsha maziwa, nikalala katika bweni la wasichana wenye furaha zao, na wiki za mwanzo nilidhani nimebadilisha chumba tu, giza ni lilelile. Chuo kile hakikunifaa, na leo hii sitamwambia msichana kama mimi kwamba kilinifaa. Lakini tulikuwa na saa chache za hisabati, tufunzwe namna ya kuwafundisha watoto, na aliyetufundisha alikuwa mzee wa Unguja, mwenye miwani na kikohozi, ambaye wenzangu walimwona anachosha. Siku moja aliandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni chanya, akatwambia tuwafundishe watoto waikariri. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini. Wenzangu wakaguna, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu.

Yule mzee aliugeukia ubao, mgongo ametupa sisi. Nilijiandaa kwa upole, au kwa ukali.

"Sijui," alisema. "Nimeifundisha miaka mingi na sijui kwa nini. Njoo baada ya Laasiri."

Nilikwenda. Darasa lilikuwa tupu, madirisha wazi. Tulijaribu kwa mfano wa deni, ukakataa. Tukajaribu kwa mtu anayerudi nyuma njiani, ukakubali nusu ukakwama. Yeye aliandika upande huu wa ubao na mimi upande ule, na kila mmoja akifuta kosa la mwenzake bila kuomba radhi, mpaka chaki ikatuingia kwenye mikono ya nguo. Jua lilipoanza kuzama jibu lilikuwa bado halijapatikana. Alikohoa, akaufuta ubao wote, akajifuta mikono kwa leso yake.

"Kesho," alisema, "tuanzie kwengine."